Jinsi ya kufuatilia kanda ya shoo ya zamani mpaka ujue imetokea wapi (kwa mfano wa Grateful Dead, Cornell 1977)

Marehemu mjomba alikuwa baharia, na kwenye vitu alivyoacha kulikuwa na boksi la kaseti, nyingi taarab na rumba, ila katikati ikatokea moja ya dakika 90 imeandikwa kwa penseli "Dead, Boston 77, SBD", yaani Grateful Dead, Boston 1977, sauti iliyotoka moja kwa moja kwenye mashine ya kuchanganyia. Hiyo kaseti imenikalisha miezi mitatu. Nilitaka kujua ni shoo gani kweli, nani alirekodi, na imepita mikononi mwa watu wangapi mpaka kufika kwenye meli na kutoka kwenye meli mpaka kwenye boksi la mjomba. Nilivyofanya ndo hivi, na ukiwa na kanda yoyote ya njia za panya, yaani isiyotolewa rasmi, ya Led Zeppelin, Queen, Pink Floyd, yoyote ile, utaratibu haubadiliki sana.

Kwa asiyewajua Grateful Dead, ni bendi ya California, na wao hawakuwafukuza watu waliokuja na mashine za kurekodi, tena kuanzia 1984 wakaanza kuwatengea sehemu yao maalum ukumbini. Sharti lilikuwa moja tu, kubadilishana ruksa, kuuza hapana. Kwa hiyo kanda zao zimesambaa dunia nzima, na kila aliyekopi alitakiwa aandike amekopi kutoka kwa nani. Wengi hawakuandika, au waliandika uongo, ndo maana tunahangaika.

Hatua ya kwanza: usiguse kitu, andika kwanza

Piga picha lebo, piga picha kava ndani na nje, piga picha kaseti yenyewe maana aina ya kaseti inakwambia haiwezi kuwa imerekodiwa kabla ya mwaka fulani. Mwandiko pia, kama kuna kalamu mbili tofauti basi kuna watu wawili, au mtu mmoja miaka miwili tofauti. Alafu ndo uihamishe kwenye kompyuta, mara moja, vizuri, bila kusafisha chochote. Nasisitiza hapa kwa sababu nimeona watu wengi wanaanza na programu ya kuondoa mchakacho wa kanda (ule mlio wa "shhh" wa nyuma), sauti inakuwa laini wanafurahi, kumbe wameshafuta ushahidi wote. Ule mchakacho ndo cheti cha kuzaliwa cha kanda yako, usiuguse.

Zima Dolby (mfumo wa kupunguza mchakacho) kwenye deki wakati wa kuhamisha, hiyo unaweza ukaishughulikia baadaye ukishajua kanda ilirekodiwa nayo au hapana. Kuna skrubu ndogo pembeni ya hedi (kile kichwa kinachosoma kanda), izungushe kidogo kidogo huku unasikiliza kwa mono mpaka sauti za juu zifunguke, matoazi yalie kama matoazi na sio kama mtu anapepeta mchele. Rekodi kwa biti 24, hifadhi FLAC (aina ya faili isiyopoteza sauti), usihifadhi MP3 hata kwa bahati mbaya. Na kabla hujabonyeza play, rekodi dakika moja deki ikiwa imewashwa ila kanda haitembei. Utaona umuhimu wake mbele.

Hatua ya pili: hakikisha ni shoo hiyo kweli

Lebo ni maneno ya mtu. Mfano mkubwa kuliko yote ni Bob Dylan, kuna rekodi yake ya 1966 ambayo kwa miaka na miaka ilizunguka ikiitwa shoo ya Royal Albert Hall, London, ile ambayo mtu anasikika akipiga kelele "Judas!" na Dylan anamjibu kwamba hamwamini, kwamba ni mwongo. Dunia nzima ilikuwa inaiita Albert Hall. Kumbe ni Free Trade Hall, Manchester, tarehe 17 Mei 1966, siku kadhaa kabla ya shoo za London. Hata ilipotolewa rasmi 1998 ilibidi waandike jina la Albert Hall kwenye kava lakini ndani ya alama za kunukuu, maana uongo ulishakuwa jina.

Kwa hiyo andika orodha ya nyimbo ulizosikia kwa mpangilio wake, pamoja na mahali bendi iliposimama na mahali ilipounganisha wimbo na wimbo bila kusimama, alafu linganisha na orodha za shoo zinazojulikana. Kaseti ya mjomba inasema Boston, yaani ingekuwa Boston Garden tarehe 7 Mei 1977. Ila upande A unaanza na Scarlet Begonias ikiingia moja kwa moja kwenye Fire on the Mountain, na upande B una Morning Dew ndefu mpaka unasahau ulikuwa unafanya nini. Boston tarehe 7 hizo hawakupiga. Waliopigiwa ni watu wa kesho yake, tarehe 8 Mei 1977, Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell, Ithaca, jimbo la New York. Nyimbo kama Estimated Prophet zipo siku zote mbili, kwa hiyo ukitegemea wimbo mmoja utapotea. Angalia mfuatano, mfuatano haudanganyi kirahisi.

Na usisahau maneno ya katikati. Mwimbaji anaongea, anataja mji, anawaambia watu wasogee nyuma (Cornell Bob Weir, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi, aliwaomba hivyo maana walikuwa wanabanana mbele), gitaa linatuniwa, kamba inakatika. Nyimbo wanarudia kila siku, ila ajali hazirudii.

Hapo nikawa nimeshashtuka, maana Cornell 77 sio shoo ya kawaida, Maktaba ya Bunge la Marekani imeiingiza kwenye hazina ya rekodi za kuhifadhiwa milele, na kuna wanaosema ndo shoo bora kuliko zote za bendi hii. Binafsi nadhani wanaosema hivyo wamesaidiwa sana na ubora wa kanda, na hilo linatupeleka kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: ni kanda ya aina gani

Hapa kuna familia chache. Kuna ya miksa, ambayo wenyewe wanaandika SBD, sauti imetoka moja kwa moja kwenye mashine ya kuchanganyia. Kuna ya ukumbini, AUD, mtu kasimama na maiki zake katikati ya watu. Kuna ya redio au TV. Na kuna ya mchanganyiko, mtu kakaa nyumbani kaunganisha ya miksa na ya ukumbini.

Ya miksa utaijua kwa ukavu wake. Sauti ya mwimbaji ipo sikioni kabisa, makofi yapo mbali kama yako nyumba ya jirani, na mara nyingi gitaa liko chini kwa sababu amplifaya ya jukwaani ilishakuwa na kelele ya kutosha kwa hiyo fundi hakuhitaji kuliongeza kwenye spika za ukumbi. Lakini rekodi za Cornell za miksa hazina hilo tatizo, gitaa la Jerry Garcia, mpiga gitaa mkuu wa bendi, liko mahali pake kabisa, na sababu ni mwanamke mmoja anaitwa Betty Cantor-Jackson. Huyu mama alikuwa fundi sauti wa bendi, na alikuwa anachanganya sauti kwa ajili ya kanda, kwa masikio yake, sio kuchukua tu kilichokuwa kinaenda kwenye spika. Baadaye maisha yakampiga, ril zake (zile kanda kubwa za asili) zikawa zimehifadhiwa kwenye stoo ya kulipia, malipo yakasimama, na 1986 vitu vikapigwa mnada. Ril za historia zikauzwa kama masanduku ya mtu aliyehama. Waliozinunua wakazikopi, kopi zikaanza kuzagaa, na mpaka leo wapenzi wanaziita bodi za Betty (Betty Boards). Bendi yenyewe ilikuja kuitoa Cornell rasmi 2017, miaka 40 baada ya shoo. Mimi kila nikisoma habari ya ule mnada naumia, maana kazi ya mikono na masikio ya mtu ilienda kwa bei ya chumba kisicholipiwa.

Kwa hiyo ukiwa na Cornell ya miksa, swali lako sio nani alirekodi, hilo linajulikana, swali ni umbali wako na ril ya Betty.

Ya ukumbini ni tofauti, chumba kinasikika, besi inavimba, na kuna watu. Tena wale watu ni dhahabu kwako. Yule anayepiga mluzi karibu na maiki, yule anayemuuliza mwenzake kitu katikati ya wimbo, yule anayekohoa. Shoo moja inaweza kurekodiwa na watu watano, muziki ni uleule, lakini kila maiki ilikuwa na majirani zake. Ukisikia mluzi uleule kwa ukaribu uleule kwenye kopi mbili, hizo ni kanda moja. Na usidharau za ukumbini, kuna bwana anaitwa Mike Millard wa Los Angeles, miaka ya 70 alikuwa anaingia ukumbini kwenye kiti cha magurudumu ili afiche mashine yake ya Nakamichi, akakaa mahali pazuri na maiki za AKG, na rekodi yake ya Led Zeppelin ya tarehe 21 Juni 1977 pale ukumbi wa Forum inashinda rekodi nyingi za miksa kwa uhai.

Kaseti ya mjomba iliandikwa SBD. Sekunde kumi tu na hedifoni nikasikia makofi yako puani kwangu na chumba kizima kinavuma. Ya ukumbini. Lebo imedanganya mara mbili.

Hatua ya nne: ramani ya mikato

Hii ndo hatua naipenda na ndo wengi wanairuka. Kaseti ya dakika 90 ina dakika 45 kila upande, kwa hiyo aliyerekodi kwa kaseti lazima ageuze, na akigeuza muziki unapotea kidogo. Ya dakika 60 inageuzwa kila baada ya 30, ya dakika 120 kila baada ya 60. Sikiliza kanda yote na uandike kila mahali sauti inapokatika, inaporuka, inaposhuka upande mmoja, inapozama sekunde moja kama imeingia kwenye maji. Andika dakika na sekunde na maneno au nota iliyokuwa inapigwa.

Mikato ipo ya aina mbili na usizichanganye. Kuna mkato wa kurekodia, ule uliofanyika ukumbini siku yenyewe, huu utakuwepo kwenye kopi zote za familia hiyo milele. Na kuna mkato wa kudabu, yaani wa kukopi kaseti kwenda kaseti, mtu wa tatu au wa nne kaseti yake imeisha katikati ya wimbo, huu utakuwepo kwa watoto wake tu. Kwa mfano kaseti ya mjomba inageuka katikati ya Not Fade Away, ila kopi nyingine za familia hiyo hapo hazina mkato, kwa hiyo nikajua huo ni wa aliyedabu, sio wa aliyesimama Barton Hall. Ukiwa na kopi nne au tano mezani, ukachora mikato ya kila moja, mti wa ukoo unajichora wenyewe, baba yupi mtoto yupi.

Jihadhari na viraka. Watu hujaza pengo kwa kipande cha kanda nyingine, saa ingine hata cha usiku mwingine. Kiraka utakisikia kwa mchakacho wa nyuma kubadilika ghafla, au watu waliokuwa kulia wanahamia kushoto.

Hatua ya tano: mvumo wa umeme

Tulia hapa, ni hesabu ndogo ila inalipa. Umeme wa Marekani unatetemeka mara 60 kwa sekunde, wa kwetu na wa Uingereza mara 50. Vifaa vya umeme huacha mvumo huo kwenye kanda, chini kabisa, na ukifungua Audacity (programu ya bure ya sauti), ukachagua sehemu ya ukimya kati ya nyimbo, ukaangalia chati ya masafa kwa ukubwa wa juu kabisa wa sampuli, utaona kilima kidogo.

Mimi niliona vilima vitatu, 50, 51 na 61.2. Nikachanganyikiwa siku mbili. Kumbe ile ya 50 kamili ilikuwa ya kwangu, ya deki na waya wangu, maana ilikuwepo hata kwenye ile dakika niliyorekodi kanda ikiwa haitembei. Ndo maana nilikwambia uirekodi. Zilizobaki zipo ndani ya kanda. Sasa 51 ukigawa kwa 50 unapata 1.02, na 61.2 ukigawa kwa 60 unapata 1.02 vilevile. Yaani kanda kwenye deki yangu ilikuwa inakimbia asilimia 2, zote mbili imezipandisha sawasawa. Nikarekebisha spidi, zikakaa 50 na 60.

Soma maana yake sasa. Kanda ilizaliwa au ilikopiwa kwenye nchi ya 60, inalingana na Marekani, alafu ikaja kudabiwa tena kwenye nchi ya 50, inaweza kuwa bandari yoyote ya Ulaya au hata hapa hapa nyumbani. Penseli haikuniambia hivyo.

Kama una mvumo mmoja tu, mfano shoo ya Marekani na kilima kipo 61.5, basi kanda inakimbia asilimia 2.5, irudishe kwa kuigawa, 60 kwa 61.5. Usirekebishe spidi kwa kukisia sikio, gitaa la siku hiyo lenyewe linaweza lisiwe limetuniwa sawa na piano yako.

Hatua ya sita: picha ya sauti

Kwa faili ulizoshusha mtandaoni hii ni lazima. Fungua spektrogramu, yaani picha inayoonyesha masafa ya sauti, Audacity inayo, Spek nayo ni ya bure na nyepesi. MP3 ya kilobiti 128 mara nyingi imekatwa kama kwa kisu kwenye Hz 16,000 hivi, juu yake giza tupu. Mtu akiigeuza kuwa FLAC giza linabaki palepale. Nilishawahi kupewa faili la "masta" na mtu aliyeniapia kabisa, nikalifungua, kisu hicho hapo.

Ya redio ya FM inaishia karibu na 15,000 na saa ingine unaona mstari mwembamba kwenye 19,000, hiyo ni ishara ya stereo ya kituo. Ya TV za Ulaya inaweza kuwa na mstari kwenye 15,625, za Marekani 15,734. Hii inafaa sana kwa shoo kama ya Queen pale Hammersmith Odeon, London, mkesha wa Krismasi 1975, mtoto wetu wa Unguja Freddie Mercury akiwa mbele, maana BBC waliirusha kwenye TV na redio usiku uleule, kwa hiyo kuna waliorekodi huku na waliorekodi kule, na kwa sikio tu unaweza usijue.

Kanda ya kaseti iliyokopiwa mara nyingi haikatwi kwa kisu, inafifia taratibu kama jua la saa kumi na mbili. Kopi ya kwanza ya kaseti huongeza mchakacho kama desibeli 3, inayofuata inaongeza tena, na sauti za juu zinaendelea kupungua.

Hatua ya saba: linganisha na zinazojulikana

Internet Archive wanazo kanda za Grateful Dead kwa maelfu, za ukumbini unaweza kushusha, za miksa unasikiliza hapohapo tu. Kila rekodi ina faili la maandishi lenye nasaba, unasoma kama ukoo, maiki hii, mashine hii, kaseti masta, DAT (kanda ya kidijitali), CD, kompyuta. Kila toleo pia lina namba yake ya utambulisho, nakili namba hiyo mahali.

Kama unachofuatilia ni faili na sio kaseti, angalia cheksamu, namba ya kutambulisha yaliyomo kwenye faili. FLAC ina alama ya kidole ndani yake ya sauti yenyewe, hata mtu akibadilisha jina la faili haibadiliki. Zikifanana, kazi imeisha, ni toleo lilelile.

Zisipofanana, weka faili mbili Audacity juu na chini, zipange kwa pigo moja kali la ngoma, pindua mawimbi ya moja juu chini (Invert), zicheze pamoja. Ukipata kimya, ni uhamisho uleule wa kidijitali. Ukipata mabaki ya mchakacho tu, ni uhamisho uleule ila mmoja umechezewa. Ukisikia muziki wote unazunguka na kuyumba, zinaweza kuwa kaseti mbili za ril moja au rekodi mbili tofauti kabisa, na hapo rudi kwenye mluzi na mikato, mashine haikusaidii tena.

Nililinganisha ya mjomba na mbili za ukumbini. Ya kwanza ilikataa ndani ya dakika tano, watu wake sio watu wangu. Ya pili ilikaa, makofi yaleyale, sauti ileile ya mtu anayeshangilia Morning Dew inapoanza, ila ya kwangu imefifia juu zaidi, kwa hiyo ni kitukuu.

Hatua ya nane: andika nasaba, na uandike usichokijua

Andika kuanzia ukumbini mpaka kwako, na penye pengo andika hakijulikani. Usijaze pengo kwa kukisia, kesho mtu atanakili kisio lako kama ukweli na keshokutwa tuna Albert Hall nyingine. Lebo ya zamani pia iandike jinsi ilivyokuwa hata kama ina makosa, maana kuna mtu mahali fulani ana kaseti yenye makosa hayohayo na ndo ndugu yako. Na usiuze, hilo ndo sharti walilotupa wenyewe.

Yangu nimeiandika hivi: Grateful Dead, Barton Hall, Ithaca, 8 Mei 1977, seti ya pili. Maiki za ukumbini > vizazi visivyojulikana, mvumo wa 60 > imedabiwa nchi ya umeme wa 50, mahali hapajulikani > kaseti ya dakika 90, lebo ya penseli "Dead, Boston 77, SBD", mwandiko sio wa mjomba > FLAC, spidi imeshushwa kwa kugawa 1.02, hakuna kilichosafishwa.